Vitabu Viwili vya Mwalimu Andongwisye

Mchungaji wetu, wazee wa Ngana na wa Talatala, wafiwa, na ninyi nyote mliosimama hadi nje ya turubai, mimi ni Dickson, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Karatasi hii tuliiandika naye akiwa kitandani, yeye akisema na mimi nikiandika, na mara tatu alinirudisha nyuma kwa kukosea tarehe, kwa hiyo atakayesikia tarehe yenye mashaka ajue hiyo niliiongeza mwenyewe baadaye.

Mwalimu Andongwisye Hezroni Mwakibinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 hapa Ngana, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa Mzee Hezroni na Mama Tulinagwe, wakulima wa mpunga na ndizi. Baba yetu alikuwa amerudi mwaka 1946 kutoka vitani Burma, alikokwenda kama askari wa Mwingereza pamoja na rafiki yake Tuntufye wa Talatala, waliondoka hapa siku moja, na baba akarudi peke yake.

Alisoma shule ya msingi hapa Ngana kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, akaendelea na sekondari mjini Mbeya hadi 1969, kisha akasomea ualimu na kuhitimu mwaka 1971. Alianza kazi Januari 1972 huko Sumbawanga, akahamishiwa Kyela mwaka 1978, akafundisha historia na jiografia hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2010, na katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyemwona akiingia darasani bila kitabu kwapani.

Huko Sumbawanga ndiko alikompata Tereza, shemeji yetu tunayemlilia leo, wakafunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975, na Mungu akawajalia watoto wanne, Anitha, Ebenezer, Neema na Lusungu, na wajukuu tisa. Ilikuwa ndoa ya utani mwingi, shemeji akiwaambia wageni kwamba ameolewa uke wenza, na mke mwenzake ana mabawa na anatoka Japani, na marehemu akicheka kuliko wageni.

Sasa nimefika mahali ambapo marehemu mwenyewe alinikataza kuparuka. Jumamosi tarehe 18 Agosti 1984, kule Talatala, Bibi Kisa, mtoto pekee wa Tuntufye, ambaye baba yake alikufa yeye akiwa na mwaka mmoja, alimwomba baba yetu aeleze mbele ya koo zote mbili jinsi rafiki yake alivyokufa, ili jina lake liandikwe kwenye jiwe la kumbukumbu. Baba alieleza kwamba Oktoba 1944, katika bonde la Kabaw, ndege ya kivita ya Kijapani ilishuka chini kabisa ikaifuata njia waliyokuwamo, wao wawili wakalala kifudifudi wakiwa wameachana urefu wa mkono, baba akainua uso akaona moto ukitoka puani mwa ndege tu, mabawa yakiwa kimya, na risasi zikapita kwa mstari mwembamba mwilini mwa Tuntufye, baba zisimguse.

Wajomba wa Bibi Kisa hawakuridhika, waliuliza inawezekanaje ndege nzima impige mmoja na kumwacha wa pembeni yake, wakaona jibu ni moja tu, kwamba Hezroni alikimbia akamwacha mwenzake. Kaka alikuwa na kitabu cha picha za ndege, alichokinunua Mbeya kwa muuza vitabu vya mitumba kwa sababu jalada lilikuwa linang'aa, na kwa kuwa alikuwa ndiye msomi wa ukoo wakamwomba aamue. Alifungua, akasoma kwamba ndege ya kivita ya Wajapani ilikuwa Ziro, na kwamba Ziro ilibeba mizinga kwenye mabawa yote mawili, akakifunga, akasema mbele ya watu wote kwamba baba amesahau. Hakusema baba ni mwongo, alisema amesahau, lakini waliokuwa wakitaka kusikia uongo walisikia uongo. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilikuwapo, na niliona fahari kuwa na kaka msomi, jambo ambalo leo linaniumiza kulisoma.

Jiwe halikuandikwa, na tangu siku hiyo koo hizi mbili zikaacha kuzikana. Baba hakuitaja tena Burma, aliyemuuliza alimwambia akamuulize mwalimu, na alifariki tarehe 2 Mei 1991 bila kurudia hadithi ile hata kwa mama.

Mwaka 1993 kaka alikwenda Mbeya kusahihisha mitihani, akaingia maktaba, akakuta kitabu kinachosema kwamba kule Japani jeshi la majini lilikuwa na ndege zake na jeshi la nchi kavu lilikuwa na zake, kwamba Ziro ilikuwa ya majini, na kwamba angani Burma zilionekana zaidi zile za nchi kavu. Aliniambia kwamba aliketi kwenye ngazi za maktaba hadi basi la Kyela likamwacha.

Kuanzia hapo akaanza kuchagua vitabu, na ndugu zangu, sijaona mtu akichagua mchumba kwa ukali ule. Kitabu alikifungulia mwisho, kwenye orodha ya mahali mwandishi alikopata habari, hata wauzaji wakadhani hajui kusoma, na kisipokuwa na orodha hiyo alikirudisha hata kiwe na picha nzuri namna gani. Kilichoita kila ndege ya Kijapani Ziro alikifunga papo hapo, chenye michoro alikipima kwa rula ya darasani, na akikuta vitabu viwili vina kosa lilelile chini ya picha ileile alisema hivyo si viwili, ni kimoja kilichovaa mashati mawili. Kisha alijiwekea sharti kwamba hatakwenda Talatala mpaka apate vitabu viwili visivyonakiliana vinavyokubaliana na maneno ya baba.

Kimoja alikipata mwaka 2004. Nilimsihi aende nacho, tukagombana vibaya, nikamwambia Bibi Kisa anazeeka, akanijibu kwamba kitabu kimoja ndicho kilichotufikisha hapa. Mpaka leo sijui kati yetu nani alikuwa sahihi, maana miaka mingine ishirini ilipita. Katika miaka hiyo walimu wa shule nyingi za wilaya hii walikuwa wakimletea orodha zao kabla ya kununua vitabu vya marejeo, naye akizipitia kwa kalamu nyekundu bila kuchoka, na wengi wenu mliosoma Kyela mmesoma vitabu alivyovichagua yeye.

Kitabu cha pili alikiagiza Anitha kutoka Japani, kikashushwa kwenye basi mjini Kyela tarehe 11 Februari 2025, kimeandikwa kutokana na kumbukumbu za vikosi vyenyewe. Ndege ile Wajapani waliiita Hayabusa, yaani kozi, yule ndege mwindaji, nayo ilikuwa na bunduki mbili tu, zote mbili puani, karibukaribu, na kwenye mabawa hakukuwa na kitu, hivyo risasi zake zilipita kwa mstari mwembamba kama baba alivyosema. Kaka alilia waziwazi mbele ya wajukuu, kisha akaomba viatu vyake.

Figo zilikuwa zinamsumbua tangu mwaka 2021, kwa hiyo safari ya Talatala ilingoja hadi tarehe 1 Machi, alipokwenda kwa bajaji akiwa amevipakata vitabu vyote viwili, akapiga magoti mbele ya Bibi Kisa. Bibi Kisa alimwomba amwonyeshe pua ya ndege, akaigusa kwenye picha, akasema kwamba miaka arobaini amelala akijua baba yake alikufa peke yake kama mnyama, na leo amerudishiwa baba aliyekufa pembeni ya rafiki. Alimsamehe, ila akamwambia kwamba lililosemwa mbele ya watu lifutwe mbele ya watu, na wakakubaliana iwe Septemba hii. Tarehe 27 Agosti kaka alilazwa hospitali ya wilaya, tarehe 3 Septemba akahamishiwa Mbeya, na Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akafariki. Hakuogopa kufa, aliogopa kufa hajasema.

Kwa hiyo nayasoma maneno yake kama alivyoyatamka. Mimi Andongwisye, tarehe 18 Agosti 1984 nilimkanusha baba yangu kwa kitabu ambacho sikukichunguza. Vitabu havikumwona Tuntufye, lakini vinaonyesha ndege ileile baba aliyoiona, na mtu anayekimbia huipa ndege mgongo, hawezi kujua moto umetoka wapi. Baba yangu Hezroni alisema kweli. Hakukimbia. Tuntufye hakuachwa.

Vitabu vyake vyote vimeanza kwenda maktaba ya sekondari, pamoja na kile cha jalada linalong'aa, kwa agizo lake, ili wanafunzi wajifunze kukitambua kitabu kibaya wakikishika, na nimesikia kwamba tangu wiki iliyopita kuna mabinti wawili wa kidato cha pili wanaogombania rula.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kyela na Mbeya, walimu wenzake, wanafunzi wake wa tangu Sumbawanga, majirani waliopika na kuchota maji, na kwaya iliyokesha nasi. Kwa namna ya pekee tunawashukuru vijana kumi na wawili wa Talatala, wajukuu na vitukuu wa Tuntufye, waliofika jana asubuhi na majembe yao bila kuitwa, wakachimba kaburi hili. Ndaga fijo.

Bibi Kisa ameomba kuweka udongo, na familia imekubali, naye hatangoja zamu ya wageni, ataweka pamoja nasi ndugu wa marehemu, kwa sababu ndivyo tunavyomhesabu kuanzia leo.

Kaka, wamesikia wote. Lala sasa, pumzika, na amani ya Bwana ikae nawe.