Mkasi Anatoka Chumba cha Picha

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika kituo chetu cha televisheni, mhariri wetu mkuu wa picha za video, tunayemwita Mkasi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Alianza kama fundi wa nyaya, akapanda ngazi bila makeke. Kwa utani hana mpinzani: mpiga picha aliyeleta video inayotikisika aliulizwa kama alirekodi huku anaruka kamba. Lakini chai alikunywa peke yake. Wageni walidhani anajisikia, kumbe wala.

Kila picha ya vurugu iliyoingia, yeye ndiye aliyeitazama kwanza, aamue watu waone nini. Aligeuza skrini ielekee ukutani tusiione, akafunga mlango. Sisi tulipita pale haraka, tukishukuru kwamba kazi ile si yetu.

Mwaka mmoja, wakubwa waliamua kurusha kutwa nzima video ya mtu akichoma duka, tangu anapovunja dirisha la nyuma. Mkasi aliomba kipande kile kikatwe, akaambiwa asikuze mambo, watazamaji wanakitaka. Wiki ileile duka jingine likachomwa vilevile, na mlinzi akafia ndani. Kikaoni palichimbika. Wengine walisema huyo mchomaji wa pili angechoma tu, hata bila sisi.

Mkasi alijibu kwa upole: "Huenda. Lakini naye alianzia dirisha la nyuma, na sisi ndio tuliomwonyesha."

Tangu hapo haturushi namna uhalifu ulivyofanyika, wala haturudii sura ya mhalifu. Tunaonyesha majirani wakibeba ndoo za maji. Utaratibu huo ni wake, na tunajivunia.

Binti yake anasema marehemu mama alikuwa akimuuliza mzee kazi imekwendaje, naye hujibu amekatakata tu, basi. Siku hizi hakuna hata wa kumuuliza. Anarudi kwenye nyumba kimya, na televisheni hana. Yote aliyotuepusha nayo amebaki nayo mwenyewe, na hilo linatuuma.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, tulitarajia ataje kiti cha kupumzikia. Yeye akaomba tumpigie simu saa ya taarifa ya habari, tumpe stori yoyote ambayo si habari.

Asante, Mkasi, kwa yote ambayo hatukuyaona. Kastarehe, ule ushibe, ulale vizuri. Na jioni simu ikiita, pokea. Ni sisi.