Maziwa ya Koili

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya karakana ya Githae hapa Mugutha, na birika la kahawa ni langu mimi Apiyo, kwa hivyo nasikia yote. Githae tunamwita Koili, maana husuka upya koili, zile waya zilizozungushwa ndani ya mota za kuvuta maji. Watu huzileta hata kutoka Ngoliba. Owino tunamwita CID, kama mpelelezi, maana hajaamini kitu tangu nimjue. Jumamosi hiyo Ndanu, anayejifunza kazi kwa Koili, alikuwa ametumwa maziwa kama kawaida, ingawa kahawa yangu ni ya rangi na haijawahi kuonja maziwa. Mara Wangeci, fundi wa simu wa kibanda cha pili, akaja mbio na laptopu, akanunulia benchi nzima kahawa kabla hajakaa.

— Wamekubali kazi yangu! alisema. Jina langu liko hapa, kwa wale wa kushukuriwa!

— Wamekubali wapi? aliuliza CID.

— Kwa databesi, ile softwea ya kuweka rekodi. Hii ni ya kila mtu. Unaifungua, unaona vile imeundwa, ukipata shida unairekebisha. Bure.

— Bure! Na nani alikuonyesha?

— Mathe mmoja, mama wa huko Chile, Pilar. Hatujawahi onana. Mara ya kwanza nilituma fujo, nimegusa kila mahali. Akaniambia, vizuri, sasa rekebisha kitu kimoja tu. Nilikosea mara kumi na moja, na mara kumi na moja akanieleza. Hajawahi nitusi. Haki, nikimfikiria nasikia kulia.

Nilimwongezea kahawa. Mimi pia nilisikia kulia kidogo.

— Huo ni mtego, alisema CID. Wanabeba akili ya Mugutha pole pole.

— Akili gani? alisema Koili. Huyo mathe amebakisha yake. Fundi hatoi yote. Ukitoa yote, kesho mwanafunzi anafungua duka mbele yako.

— Na pengine si mtu, CID aliendelea. Ni kompyuta kumi zinapokezana. Siku moja utaamka upate simu zote za Ruiru zinaongea Kihispania!

— Wee CID, kunywa kahawa, alisema Wangeci. Mimi shida yangu ni ingine. Wanaojitolea wamebaki wachache, wengi wanachoka wanaenda. Jana kuna mgeni ameingia. Pilar ananiuliza kama naweza kumshika mkono, na anataka jibu leo. Naogopa. Mimi mwenyewe nimejua juzi tu.

— Kataa, alisema Koili. Ama ukubali, lakini ile kitu ya mwisho ubaki nayo.

Hapo ndipo Ndanu alipofika na pakiti ya maziwa. Ni mama wa watoto wawili, aliacha kazi ya kiwanda kule Thika ili ajifunze hii, na sasa ni mwaka wa pili. Alikuwa amesikia.

— Koili, naomba kuuliza, alisema kwa upole. Huwa unafanya nini kwa mota nikienda maziwa?

CID alichungulia kikombe chake. Wangeci alimwangalia Ndanu, kisha akaandika, akisoma kwa sauti: Nimekubali. Mwambie aniandikie.

Koili aliinuka, akaingia ndani. Tukadhani amekasirika. Akatoka amebeba mota moja iliyoletwa kutoka Ngoliba, waya wake wa zamani haujaguswa, akaiweka katikati ya benchi.

— Weka maziwa chini, Ndanu. Huwa nahesabu. Kabla ya kutoa waya wa zamani, unajua kila koili iko na mizunguko mingapi, ndio urudishe hivyo hivyo. Ukikosea, mota inaungua. Ni hiyo tu nilikuwa nakuficha. Kaa hapa, anza.

Ndanu alianza kuhesabu. CID akashika ncha ya waya bila kuombwa. Nilimmiminia Ndanu kahawa, nikaiweka karibu na mkono wake. Alipofika arobaini na saba alisema asante bila kuinua macho, kisha akaendelea na arobaini na nane.