Mama Estelle na Kilo Zilizogoma

Tarehe 28 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Mama Estelle Kabamba, muuguzi wa zahanati ya kampuni yetu ya malori hapa Kikula, mjini Likasi, anastaafu. Uongozi umenipa mimi, Joachim, karani wa kadi za wagonjwa, kazi ya kuandika wasifu wake, na umeniomba niseme kwamba "alielewana na watu wote." Sisemi. Hakuelewana na watu wote, na ashukuriwe kwa hilo.

Madereva wasioogopa mteremko wa Kakontwe walijificha nyuma ya malori wakisikia viatu vyake, maana sindano yake haikubembeleza mtu. Ni yeye aliyeanzisha Alhamisi ya mizani kwa wenye ugonjwa wa sukari: kupimwa uzito kila wiki, kuacha bukari, yaani ugali wetu, mkate na soda, kula samaki, mayai na mboga za lengalenga. Jaribu wewe kumwambia mtu wa Likasi aache bukari! Kwetu asiyeigusa huhesabiwa hajala.

Papy, dereva wa lori la mawe ya chokaa, aliiacha. Kwa miezi miwili zikamtoka kilo kumi na moja. Kisha mizani ikagoma: wiki sita, kilo mia na saba zilezile. Daktari Ghislain, mkuu wa zahanati, hakuuliza chochote.

"Iko nakula bukari mu siri, point final," alisema, akaniamuru niandike kwenye kadi: MWONGO.

Niliandika. Kwa mkono huuhuu. Kwa neno hilo Papy akanyang'anywa lori, akapewa ufagio wa uwanjani. Nyumbani akamgeukia mkewe, Cathy, akidai anamtilia unga kwenye mchuzi.

Mama Estelle akachukua likizo yake, siku kumi na nne, akaenda kushinda kwa Cathy tangu asubuhi hadi jioni, kiti chake kando ya sufuria. Hakuona hata tonge moja la bukari. Aliporudi alimweleza daktari mbele yetu sote: kilo za mwanzo nyingi huwa ni maji, na mwili ukishapungua huhitaji chakula kidogo kuliko zamani, tena hubana matumizi, kama mama anayepunguza mkaa jikoni. Papy alihitaji sahani yake ipimwe upya na atembee zaidi, si kutukanwa. Sukari yake ilikuwa imeshuka, na mkanda wake umetobolewa matundu mawili mapya. Daktari akatazama saa yake. Daktari mzima, na mambo hayo yamo vitabuni mwake! Hasira ile haijanitoka hadi leo.

Juzi tulimuuliza Mama anataka zawadi gani.

"Minye sitaki kikwembe," alijibu, maana wastaafu wetu hupewa kitenge. "Mufute ile neno ku karte ya Papy."

Daktari amekataa. Kadi, anasema, haifutwi.

Basi mimi niliyeliandika nimelifuta asubuhi hii. Juu yake nimeandika kwa wino mwekundu, "Alisema kweli," nikatia sahihi yangu, tena kwa majina yote matatu. Lilipaswa kufutwa mwaka mzima uliopita, nami niliogopa.

Asante, Mama Estelle. Ule vizuri, ulale vizuri, uzeeke polepole, na wajukuu wako wasikuchoshe. Papy arudishiwe lori lake. Na kama uongozi unatafuta mtu wa kuushika ule ufagio, niko mezani pangu.