Mama Malunga, Afisa Aliyerudi Msibani

Baada ya miaka ishirini na mitano ya utumishi, Mama Fyness Malunga anastaafu tarehe 30 Juni, 2025. Alikuwa afisa probesheni wa Nkolimbo, na kazi yake ilikuwa kuwasimamia watu waliohukumiwa kifungo cha nje. Wenzake wa ofisini walitaka kuandika wasifu huu. Yeye akaomba uandikwe nyumbani kwa Lyson Chimbalu, mtu wa kwanza aliyekabidhiwa kumsimamia. Lyson ni baba yangu. Mimi nasoma kidato cha tatu, na ruhusa nilipewa naye. Alisema, "Andika. Usimpambe, wala usimpake matope."

Mama Malunga alizaliwa Mulanje, akafundisha shule ya msingi huko Lilongwe, kisha akaajiriwa katika idara hii mwaka 2000. Alipewa pikipiki, kofia ngumu iliyomzidi kichwa, na kitabu cha kanuni. Baba wakati huo alikuwa kijana aliyekamatwa akichoma mkaa katika msitu wa serikali. Badala ya jela, hakimu alimpa kazi ya kufyatua matofali ya kituo cha afya.

Wiki ya tatu mjomba wa baba akafariki, na chifu akamtaja baba miongoni mwa wachimba kaburi. Kwetu watu hao huitwa wajukuu, hata wakiwa na mvi. Mjukuu hakatai, na hatoki makaburini kabla ya maziko. Mama Malunga alikuta matofali hayana mtu. Akapanda pikipiki mpaka makaburini, amevaa suruali, kofia kichwani, mbele ya waombolezaji wote.

"Lyson, saa za kazi uko wapi?"

"Niko shimoni, mama. Nikitoka mimi, utaingia wewe?"

"Kanuni inasema usikose bila ruhusa."

"Basi mwambie marehemu akaombe ruhusa."

Vijana walicheka. Mama Malunga mwenyewe husema kicheko kile kilimchoma kuliko jibu. Alipeleka taarifa mahakamani kama kitabu kilivyoelekeza, na baba akaenda jela miezi sita.

Baba akiwa huko, kaka yangu Limbani, ambaye mimi sikumjua, alikufa kwa malaria kabla hajajifunza kutembea. Wajukuu wengine walimchimbia. Baba alipata habari mtoto alipokwisha kuzikwa.

Mama Malunga alikuja kwenye msiba huo. Safari hii alikuwa amejifunga kitenge. Bibi yangu alimzuia mlangoni. "Siku ile makaburini ulipajua bila kuelekezwa," alimwambia. "Leo umefuata nini?" Aliketi nje kwenye vumbi, na nsima, ugali wetu, ilipogawiwa ilimpita. Kesho yake alirudi, akaketi palepale.

Mimi naona kazi yake ilianzia hapo. Alikwenda kwa chifu mmoja baada ya mwingine, akawaomba wamtumie neno kila mtu wake anapoitwa kuchimba. Mahakamani alibishana miaka mitatu mpaka ikakubaliwa kwamba siku za msiba zifidiwe baadaye. Tangu hapo hakuna mtu wa Nkolimbo aliyefungwa kwa sababu alikwenda kuzika. Wakubwa wakamwona mbishi. Vijana aliowafundisha kazi wamekuwa mabosi wake, naye anaondoka na cheo kilekile alichoanza nacho. Hiyo si haki, na si vizuri kulinyamazia jambo hilo kwa kuwa leo ni sherehe.

Ya kuchekesha nayo yapo. Kwa miaka mingi baba hakumsalimu yeye, aliisalimu pikipiki.

"Umeamkaje, pikipiki?"

"Imeamka salama," Mama Malunga alijibu kwa niaba yake, "ila tairi la nyuma linalalamika."

Baba alileta pampu, akalijaza upepo, akaingia ndani bila kumtazama mwenye pikipiki.

Mwezi uliopita alikuja kuaga. Alipiga magoti uani, akamwita baba kwa jina ambalo hata mama yangu huogopa kulitumia.

"Baba Limbani, naondoka. Nisingependa kuondoka bila kusikia neno lako."

"Kwenye sherehe yenu sitakuja," baba alisema. "Kukupigia makofi siwezi."

"Sawa, baba."

"Lakini siku yako ikifika, watoto wako waniletee habari. Hata kama ni huko Mulanje. Nitakuja niwe mjukuu wako."

Mama Malunga alijifunika uso kwa kitenge, na baba akaenda kuwafungia mbuzi.

Mama Malunga, asante kwa kurudi kesho yake baada ya kunyimwa chakula, na kwa miaka yote iliyofuata. Nenda ukapumzike kwenye migomba yako. Sisi wa Nkolimbo tunakuombea uishi sana, hadi baba mwenyewe azeeke asiweze tena kushika jembe.