Meja Mstaafu Melkizedeki Isaka Msengi, Mwalimu Aliyesema Mwisho

Ndugu, majirani, viongozi wa dini, na ninyi mliovaa sare mliotoka mbali: tunayemzika leo hapa Misigiri ni kaka yangu ninayemfuata kuzaliwa. Mimi si msemaji, lakini familia imeniomba niyaandike na kuyasoma maisha yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa hapa Misigiri, wilayani Iramba, mtoto wa pili wa marehemu mzee Isaka Msengi na marehemu mama Sara. Mama alikuwa akisema mtoto huyu hakupokea kitu bila kukigeuza. Ukimpa kiazi, alikipasua kwanza aone kama kuna mdudu. Sisi wengine tulimaliza vya kwetu, kisha tukamsaidia cha kwake.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1966 hadi 1972, akachaguliwa kwenda sekondari mjini Singida, akamaliza kidato cha nne mwaka 1976. Akirudi likizo, wazee walimpa habari za kijiji, naye baada ya shikamoo aliwauliza, "Nani kawaambia?" Walimwona ana kiburi. Hakuwa nacho. Alitaka kujua neno limetoka wapi.

Mwaka 1980 alijiunga na Jeshi la Wananchi, akapata kamisheni 1983, akafanya kazi upande wa ugavi. Kuanzia 1992 mpaka alipostaafu 2012 alikuwa mkufunzi. Hapa kijijini kazi hiyo haikueleweka. Watu walisema mwanajeshi anayerudi nyumbani bila kusimulia vita lazima ametumwa kutuchunguza. Akipita kilabuni mazungumzo yalikatika. Ukweli ni kwamba aliwafundisha maofisa na watumishi wa ulinzi kusimamia mafuta, chakula, magari na vipuri, na kufanya maamuzi kabla vitu hivyo havijaisha.

Kapteni mstaafu Godfrey, aliyefundisha naye, ametusimulia hapa msibani. Siku moja marehemu aliwapa maofisa zoezi: mafuriko yamekata barabara, magari yapeleke chakula, na taarifa ya stoo inasema mafuta yanatosha. Taarifa ile aliitunga yeye mwenyewe, nayo ilikuwa ya uongo. Ofisa mwenye cheo kikubwa akasema magari yaondoke. Darasa zima likaitikia, "Sawa, afande." Kwenye zoezi, magari yakazimikia njiani. Marehemu akawauliza nani aliishuku ile taarifa. Mikono ikanyooka zaidi ya nusu ya darasa.

"Sasa mbona mlinyamaza?"

"Afande alikuwa ameshasema."

Tangu siku hiyo, darasani kwake mwenye cheo cha chini alisema kwanza, mkubwa akasema mwisho. Kapteni Godfrey anasema wakubwa walinung'unika sana, maana walikaa kama wanafunzi. Marehemu aliwajibu kwamba taarifa inayomfurahisha mkubwa ndiyo ya kushuku kuliko zote.

Alichelewa kuoa, na hilo nalo lilisemwa. Alifunga ndoa na Evodia, binti wa mzee Nathanaeli wa Mitundu, tarehe 7 Oktoba 1995 kanisani Kiomboi. Nilikuwa kwenye posa. Baba mkwe alimtazama sana, akauliza, "Kijana, wewe askari, bunduki yako iko wapi?"

"Mimi nafundisha, mzee."

"Unafundisha nini?"

"Kugawa kilichopo ili kifike mwisho wa safari."

Mzee akamgeukia mkewe. "Mama Evodia, huyu ama atatunza nyumba, ama atatupimia hata chumvi. Tumchunguze kwanza." Wakamtuma mjomba mpaka kambini kuuliza kama ana mke mwingine. Sisi tuliona tumedharauliwa, lakini marehemu alifurahi, akasema wangemwamini siku ya kwanza angewashangaa. Na ni kweli chumvi aliipima. Shemeji Evodia alikuwa akimwambia, "Baba Happiness, hii ni sufuria, siyo kikosi." Walijaliwa watoto wawili, Happiness na Gerald.

Februari mwaka huu, 2025, alianza kusumbuliwa na maumivu ya tumbo. Alitibiwa Kiomboi, kisha Dodoma, ikaonekana ni saratani ya ini iliyokwisha kusambaa. Madaktari walisema upasuaji unaweza kujaribiwa, ila hawakuahidi kitu. Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Alhamisi, tarehe 16 Oktoba, akiwa na miaka 67.

Tangu Alhamisi, chini ya turubai hili, inasemwa kwamba mkewe alikataa asipelekwe kupasuliwa. Inasemwa alimfungia ndani watu wasimwone, na kwamba mwanamke wa Mitundu alikuwa na lake. Kesho ukoo unakaa kuamua kama atabaki kwenye nyumba yake au arudishwe kwao. Kesho wazee watasema kwanza, na wazee wakishasema sisi wengine huwa tunaitikia. Kwa hiyo nasema leo.

Mwezi Juni marehemu alituita sebuleni kwake kuhusu upasuaji. Tulikuwepo watoto wake, dada yetu Dina, shemeji na mimi. Alitupanga kama darasa lake. Gerald akasema kwanza: twende. Happiness akasema twende. Mimi nikasema hivyo hivyo, na dada Dina pia. Shemeji alipiga magoti. "Baba Happiness, nakuomba twende. Hata kama ni kujaribu tu."

Yeye akasema mwisho. "Nimewasikia. Mmesema kwa mapenzi, lakini hakuna aliyeniambia nitapata nini huko. Nabaki." Kisha akamwambia mkewe asiingize wageni chumbani. "Watu watatoka humu na taarifa zao. Acha waseme wewe ndiye uliyekataa, mradi mimi nilale kwa amani."

Mlango aliufunga yeye. Matusi ya mlangoni aliyapokea mkewe, miezi minne, bila kumjibu mtu. Dada Dina yupo hapa na watoto wapo. Waulizeni leo, kabla hatujafukia.

Marehemu ameacha mjane, Evodia. Watoto wawili, Happiness na Gerald. Mjukuu mmoja, Derick. Dada yake Dina, na mimi Sostenes.

Bwana amlaze kaka yetu pema. Apumzike kwa amani, na aliyemuuguza aachwe apumzike nyumbani kwake.