Gari la Choki Linakunywa

Benchi la kijiweni limeegemea ukuta wa kinyozi, na kila jioni Mzee Choki huegesha mbele yake gari lake kuukuu la kabureta. Jina amelipata kwa vile gari haliwaki mpaka avute choki, ile waya ya kupunguza hewa kwenye injini, tena kwa kulibembeleza. Tangu amzike mkewe hajakosa kijiwe, na hana hadithi nyingine ila mafuta.

— Juzi nimejaza tangi, alisema akipokea kikombe kwa muuza kahawa. Leo mshale umelala chali.

— Chujio la hewa, mzee wangu, alisema Kinyozi. Gari likikosa pumzi hunywa kama lina homa.

— Nimelisafisha.

— Upepo wa matairi je?

— Nimejaza.

Profesa, fundi redio aliyepewa jina hilo kwa kujua kila kitu, akakohoa.

— Kabureta inamwaga mafuta mengi kuliko hewa. Kaza ile skrubu yake kidogo.

— Fundi kaikaza jana.

— Basi ni rangi. Nyeusi inavuta jua, jua linachemsha tangi, mafuta yanapaa.

— Profesa, acha hizo, alicheka Kinyozi. Mzee, jaza alfajiri. Mafuta ya alfajiri mazito, yanakaa tumboni.

— Uzito ndiyo shida yenyewe, alisema Profesa. Ng'oa viti vya nyuma. Hata hicho cha mbele cha abiria king'oe. Unambebea nani, na uko peke yako?

Kinyozi alimkanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Choki akageuza kikombe chake mkononi, akakitazama ndani. Kiti kile bado kilikuwa na mto mdogo wa mgongo, alioushona mkewe alipoanza kuumwa.

— Kiti hakina uzito, alisema taratibu.

Mshonaji aliyehamia juzi chumba cha pili alikuwa amesimama pembeni akisubiri kahawa yake.

— Shikamoo baba. Samahani kuingilia. Kwani huwa unakwenda wapi na mafuta yote hayo?

— Marahaba, mwanangu.

Kinyozi akamtazama Profesa, Profesa akatazama chini. Miezi yote hiyo wamelitibu gari, hakuna aliyewahi kuuliza.

Choki alijua anakwenda wapi. Akitoka hapo huifuata njia aliyokuwa akimpitisha mkewe kwenda hospitali, akafika getini, akageuza. Akikaribia nyumbani na kuona madirisha yake hayana taa, hupitiliza, akaianza upya. Siku nyingine mara tatu.

Muuza kahawa, ili kumwondolea mzee swali lile, alisema kahawa imekwisha, ingawa birika lilionekana zito mkononi mwake.

— Haya, wanangu, alisema Choki. Tutaonana kesho.

Akaingia garini, akaondoka polepole. Wote wanne walimsindikiza kwa macho mpaka kwenye njia panda. Kwake ni kulia. Gari likakata kushoto.