Ossufo Bashiru na Alama Nyekundu za Sauti ya Awa

Bismillahi. Shehe wetu, wazee, ndugu mliovuka mto Rovuma na kupitia mpaka wa Namoto tangu alfajiri, majirani wa hapa Palma, na nyinyi akina mama wa ngoma ya tufo mliokaa uani, familia imemtuma Tarique, kaka yake Awa mke wa marehemu, asome maisha ya shemeji yake, na wote mnajua kwamba Tarique ana sauti ya kinyonge tangu utotoni, kwa hiyo tunaomba utulivu, ingawa huenda leo usihitajike sana.

Marehemu Ossufo Bashiru alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Nhica do Rovuma, mtoto wa tatu wa mzee Bashiru, mkulima wa mpunga, na bi Yusra. Vita vya ukombozi vilipokaribia kijiji mwaka 1966 wazazi walimvusha mto, akasoma shule ya msingi Mtwara kuanzia 1969 hadi 1975, ambako alirudishwa nyumbani mara mbili na barua ya mwalimu, zote kwa kosa la kufungua redio ya shule, na katika barua ya pili mwalimu alikiri kwamba redio sasa inasikika vizuri zaidi.

Familia ilirejea Msumbiji mwaka 1976, naye mwaka 1979 akaanza kujifunza ufundi wa redio Mocímboa da Praia, akafungua meza yake hapa Palma mwaka 1988, na baada ya amani ya 1992 akanunua spika na kuanza kupiga muziki harusini, akawa fundi wa aparelhagem, kama vijana wanavyoviita vyombo vile.

Tarehe 6 Agosti 1989 alimwoa Awa, baada ya Tarique huyu huyu kumkatalia mara mbili kwa madai kwamba mtu anayenukia moshi wa kulehemu hawezi kulisha mke, jambo ambalo marehemu hakuacha kumtania nalo kwa miaka ishirini na minne. Mungu aliwajalia watoto watatu, Yusra aliyezaliwa 1990, Latifo 1993 na Yasmin 1999, pamoja na wajukuu wawili.

Awa alikuwa mwimbaji wa tufo, lakini mwaka 2009 aliugua kifua kwa miezi mingi, akapona akabaki na sauti laini isiyoweza kushindana na matari, wakamweka safu ya nyuma, na mwanzoni mwa 2011 alikwisha kukunja sare yake na kuitia chini kabisa katika sanduku la nguo, tayari kumrudishia Chamima, kiongozi wa kundi. Nyumbani nako aliacha kuimba hata akisonga ugali, na Ossufo, ambaye hakuwa mtu wa kulalamika, alimwambia Tarique kwamba hilo linamuumiza kuliko msiba.

Wakati huo gesi ilikuwa imegunduliwa baharini, Palma imejaa wageni, na marehemu alipata kazi ya kufunga nyaya katika kambi moja ya wafanyakazi, ambako fundi Bernardino wa kutoka Pemba alimfundisha mambo mapya, na kambi ilipovunjwa Mei 2011 akamwachia masanduku mawili, ekolaiza na kompresa. Ekolaiza, alivyokuwa akitueleza kila tukila naye, tutake tusitake, hupunguza mvumo wa chini na kukata ule mluzi wa maikrofoni, na kompresa huishika sauti inaporuka juu, ili ile ndogo iweze kuinuliwa bila kumpasua mtu masikio.

Jaribio la kwanza, kwenye harusi ya tarehe 18 Juni 2011, lilikuwa aibu tupu. Kwetu harusi hupimwa kwa umbali ambao kelele zake zinafika, Ossufo akaikaza kompresa kupita kiasi, Chamima akipaza sauti inabanwa, akizidisha inabanwa zaidi, mpaka akina mama wakaacha wimbo katikati na kwenda kumshtaki kwa Shehe kwamba ameiba sauti zao.

Shehe alisema hahukumu asichokisikia, akampa alasiri moja. Marehemu alilegeza kompresa, akawarudisha wapiga matari hatua mbili nyuma, akapunguza mvumo kwa ekolaiza, kisha akambembeleza mkewe aimbe ubeti mmoja tu, naye akakataa, akakataa tena, akakubali kwa sharti la kuwapa watu mgongo. Aliimba masanduku yakiwa yamezimwa, matari yakammeza, akarudia yakiwa yamewashwa, na bibi Zuleica, mkongwe wa kundi, akalishusha tari lake na kusema, "Miaka thelathini nampigia Awa tari, leo ndiyo kwanza nasikia anachosema."

Chamima mwenyewe ndiye aliyemshika Awa mkono na kumsimamisha mbele, na jioni ile sare ilitoka sandukuni. Ossufo alichukua rangi ya kucha ya mkewe, akatia nukta nyekundu penye kila kitufe cha kuzungusha, hapo hapo kilipokuwa kimeelekea, na tangu siku hiyo aliyeazima vyombo aliruhusiwa kuzungusha apendavyo, mradi akimaliza avirudishe kwenye nyekundu.

Mwaka 2012, katika mkutano wa hadhara wa mambo ya gesi, vyombo vilikuwa vyake, na kiongozi mmoja mgeni aliuliza kama spika ni mbovu, maana anafoka lakini sauti yake haikui, ilhali Awa aliposimama kuuliza akina mama wataokota wapi chaza, alisikika mpaka barabarani, na swali lake likaandikwa. Siku hiyo Ossufo alicheka njia nzima.

Shinikizo la damu lilimwanza Februari 2013, akalazwa mara mbili Mocímboa da Praia, na Jumamosi ya leo, tarehe 9 Novemba 2013, saa kumi alfajiri, alifariki nyumbani kwake, Awa akimsomea kwa sauti ya chini aliyoipenda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupika, fundi Bernardino aliyetupigia simu akilia, na akina mama wa tufo.

Asubuhi Latifo alipokuwa akifunga nyaya alimuuliza mama yake avizungushe vipi vitufe kwa ajili ya sauti ya mjomba, mama akamjibu visiguswe, vibaki kwenye nyekundu. Kwa hiyo Tarique hajapaza sauti hata kidogo, na nyinyi wa nyuma kabisa, kule ukutani, mmesikia kila neno.

Pumzika, shemeji. Amani ya Mola iwe juu yako.